Kutenganisha Yanayofanana: Hotuba juu ya Kazi ya Wanafalsafa

Hotuba hii niliitoa Kigoma mjini mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, walimu wao na wazazi. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika, hasa wazazi wa Kasulu, Kibondo na Uvinza walioniomba maandishi yake.

Waheshimiwa wazazi, walimu wenzangu, viongozi wetu wa dini mliotupa heshima ya kuwa nasi, na ninyi vijana ambao mkutano huu ni wenu: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nieleze wanafalsafa wa vyuo vikuu wanachunguza nini juu ya akili, mantiki, hesabu na vyombo vya habari, na uchunguzi huo unamhusu vipi mtu wa Kigoma. Sehemu ya pili ya ombi hilo naifahamu vizuri, kwa kuwa kila mzazi ambaye mwanawe ametamka kwamba anataka kusoma falsafa huiuliza, na ana haki ya kuiuliza. Gharama za masomo mkoani kwetu zinatoka kwenye dagaa, kwenye mawese, kwenye maharage na kwenye kahawa ya milimani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopatikana bila jasho. Daktari anatibu, mhandisi anajenga daraja, mwanasheria anatetea. Mwanafalsafa je, anafanya nini?

Jibu langu nitalisema mapema ili mnibane nalo hadi mwisho. Mwanafalsafa hutafuta mambo mawili ambayo sisi sote tumezoea kuyaona kuwa ni jambo moja, kwa sababu karibu kila siku yanakwenda pamoja, kisha hubuni swali au mfano utakaoyalazimisha yaachane. Akishayaachanisha, wengine wenye maabara na wenye mitambo huja kuyapima. Kazi hiyo haihitaji vifaa vya gharama, lakini inahitaji uvumilivu mkubwa, na ninaipenda kiasi kwamba nimekuja kuwashawishi baadhi yenu muifanye.

Nianze na akili, na nianzie nyumbani. Kaskazini ya mji huu, mwendo wa boti kando ya ziwa, iko Gombe. Tarehe 14 Julai 1960 alifika pale Jane Goodall, mwanamke wa miaka 26 ambaye wakati huo hakuwa na shahada yoyote, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akiingiza bua la nyasi katika kichuguu, akilitoa likiwa limeng'ang'aniwa na mchwa, na kuwala. Aliona pia sokwe wakichukua vijiti na kuvipukutisha majani kwanza ili vifae kwa kazi hiyo. Hadi siku zile wanafunzi walifundishwa kwamba kutengeneza zana ni sifa ya binadamu peke yake, na habari iliyotoka kwenye ufuko wetu huu ndiyo iliyoliondoa somo hilo.

Sasa sikilizeni swali lililofuata. Sokwe yule anajua kwamba ndani ya kichuguu kuna mchwa. Je, anajua kwamba mwenzake aliyeketi pembeni naye anajua? Je, sokwe ana wazo lolote juu ya mawazo ya mwingine, au anaona tu miili inayotembea na matunda yanayoliwa?

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, David Premack na Guy Woodruff, walichapisha makala yenye swali hilohilo. Walikuwa na sokwe jike aliyeitwa Sarah. Walimwonesha filamu fupi za mtu aliyekwama, kwa mfano mtu anayejaribu kufikia ndizi zilizo mbali naye, kisha wakampa picha kadhaa achague, mojawapo ikionesha ufumbuzi wa tatizo la mtu yule. Mara nyingi Sarah alichagua picha sahihi, nao wakaona ni dalili kwamba alitambua mtu yule alikuwa anataka nini.

Ninyi mngekubali? Wengi walikubali. Lakini katika jarida lilelile wanafalsafa watatu, Daniel Dennett, Jonathan Bennett na Gilbert Harman, kila mmoja kwa andiko lake, waliona upungufu mmoja. Walisema hivi: maadamu mtu anayetazamwa anaamini jambo lililo kweli, anayesoma mawazo yake na anayesoma tu hali ya mambo watatoa jibu lilelile. Nikiamini kwamba ndizi ziko juu, na kweli ziko juu, basi wewe unayenitazama huhitaji kujua lolote juu ya imani yangu ili ubashiri kwamba nitanyoosha mkono juu. Inatosha kujua ndizi ziko wapi. Mambo mawili yanakwenda pamoja, na jaribio haliwezi kusema ni lipi kati yake linalofanya kazi. Mnayatenganishaje? Wakajibu kwamba tumchukue mtu anayeamini jambo lisilo kweli. Hapo ndipo imani yake na hali halisi zinaachana, na anayetazama atalazimika kufuata mojawapo.

Ombi hilo la wanafalsafa liliandikwa katika kurasa chache tu. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walilifanyia kazi kwa watoto. Mtoto aitwaye Maxi anaweka chokoleti katika kabati moja na kwenda kucheza. Mama yake anaihamishia kabati jingine. Maxi anarudi akiwa na njaa. Ataitafuta wapi? Watoto wa miaka mitatu kwa kawaida husema ataitafuta ilipo sasa, kwa kuwa wao wanajua ilipo. Kuanzia miaka minne au mitano hivi wengi husema ataitafuta alipoiacha. Mwaka 1985 watafiti wa London walitumia jaribio la aina hiyo kuchunguza watoto wenye usonji, na tangu hapo limerudiwa katika nchi nyingi na kwa lugha nyingi. Tawi kubwa la uchunguzi wa watoto limesimama juu ya hoja ya watu watatu waliokaa mezani na kujiuliza ni wapi mambo mawili yanayofanana yanaweza kuachana.

Na sokwe je? Mwaka 2016 Christopher Krupenye, Fumihiro Kano na wenzao walipima macho ya sokwe, na ya jamaa zao bonobo na orangutani, waliokuwa wakitazama filamu. Katika filamu moja mtu anamwona mwingine aliyevaa vazi la mnyama akijificha nyuma ya moja ya marundo mawili ya nyasi. Mtu yule anaondoka, aliyejificha naye anakimbia, kisha mtu anarudi na fimbo. Wanyama wengi walielekeza macho mapema kwenye rundo ambalo mtu yule alikosea kudhani kwamba adui yake bado yuko. Je, suala limekwisha? Halijakwisha. Wapo wanaosema wanyama wale walifuata kanuni rahisi tu kwamba mtu hutafuta kitu mahali alipokiona mwisho, bila kufikiri chochote juu ya imani. Kanuni hiyo na kusoma imani ni mambo mawili yanayofanana, na bado anasubiriwa mtu atakayebuni jaribio la kuyatenganisha kiasi cha kumaliza ubishi. Kwa nini mtu huyo asitoke Mwamgongo au Kibirizi, watu ambao mababu zao waliishi jirani na sokwe wale kabla ya mgeni yeyote kufika?

Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kazi hii ni urithi wa Ulaya. Mwaka 1734, huko Wittenberg nchini Ujerumani, tasnifu juu ya akili ya binadamu iliandikwa na Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim katika nchi ambayo leo ni Ghana. Alichukuliwa angali mtoto mdogo, akapelekwa Ulaya, akatolewa kama zawadi kwa mtawala wa kule, akakua, akasoma, na hatimaye akafundisha vyuo vikuu vya Halle na Jena. Mwanafalsafa wa Kifaransa Descartes alikuwa amesema kwamba akili ndiyo inayoona maumivu kwa sababu imeunganika na mwili. Amo akamkosoa: kuhisi ni kazi ya mwili wenye uhai, na kuelewa ni kazi ya akili, mambo haya mawili yanatokea kwa wakati mmoja ndani ya mtu mmoja, lakini hayawezi kuwa jambo moja. Si wengi wanaolikubali hitimisho lake leo, lakini wanaochunguza fahamu bado wanahangaika na mpaka aliouchora, na mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu aliurudia kwa uzito miaka mingi baadaye. Kwa maoni yangu, kijana wa Kiafrika anayesoma Descartes bila kusikia jina la Amo amepewa nusu ya mjadala.

Jena hiyohiyo, zaidi ya miaka 150 baadaye, ilikuwa na mwalimu wa hisabati aitwaye Gottlob Frege, naye ndiye anayetuingiza katika mantiki. Frege alitaka kuonesha kwamba hesabu nzima, kuanzia moja jumlisha moja, inaweza kujengwa kwa mantiki peke yake. Alitoa juzuu la kwanza mwaka 1893. Mwaka 1902, juzuu la pili likiwa kiwandani linachapwa, alipata barua ya tarehe 16 Juni kutoka kwa kijana wa Uingereza aitwaye Bertrand Russell. Barua ilikuwa ya heshima na fupi, na ilivunja msingi wa kazi ya maisha yake.

Russell aliuliza nini? Frege aliruhusu kwamba kila sifa unayoweza kuitaja ina seti yake ya vitu vyenye sifa hiyo. Basi, akasema Russell, fikiria seti ya seti zote zisizojijumuisha zenyewe. Je, inajijumuisha? Ikijijumuisha, haijijumuishi; isipojijumuisha, inajijumuisha. Kwa wasiozoea seti, uko mfano wa kinyozi ambao nitauleta Ujiji: kinyozi anayewanyoa wanaume wote wa mtaa wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Kinyozi mwenyewe ananyolewa na nani? Naona mnatazamana. Kijana mwepesi atasema kinyozi wa namna hiyo hayupo, naye atakuwa amesema kweli. Ugumu wa Frege ni kwamba kanuni yake haikumruhusu kusema seti ile haipo. Mambo mawili yaliyokuwa yameshikamana ni kutajika na kuwapo: kwamba maneno yanapangika vizuri hakutoshi kuthibitisha kwamba kuna kitu maneno hayo yanakitaja.

Frege alijibu ndani ya wiki moja. Alikiri bila kuzungukazunguka, akaongeza maelezo mwishoni mwa juzuu lake yanayowaambia wasomaji kwamba msingi umetikisika na kwa nini. Walimu wenzangu, nadhani barua zile mbili zinastahili kusomwa katika kila chumba ambamo watu wazima wanabishana.

Miaka 28 baadaye likatokea jingine. Mwezi Septemba 1930 wataalamu walikusanyika katika mji wa Königsberg. Tarehe 8, David Hilbert, aliyehesabiwa kuwa mwanahisabati mkubwa kuliko wote wa zama zake, alitoa hotuba iliyomalizika kwa maneno ambayo baadaye yalichongwa kwenye kaburi lake: lazima tujue, na tutajua. Aliamini kwamba kila swali la hisabati lililoulizwa vizuri lina jibu litakalothibitishwa. Siku moja kabla, katika mji huohuo, kwenye kikao cha majadiliano ambacho wachache walikizingatia, kijana wa miaka 24 aitwaye Kurt Gödel alikuwa amesema kwa sauti ya upole kwamba alikuwa na matokeo yaliyokwenda kinyume cha tumaini hilo. Aliyachapisha mwaka 1931.

Gödel alitenganisha kuwa kweli na kuthibitika. Wanahisabati walikuwa wameyachukulia mambo haya kama pande mbili za jambo moja: lililo kweli litathibitishwa, ni suala la muda. Yeye akaonesha jinsi ya kuunda, ndani ya hesabu yenyewe, kauli ambayo kwa kweli inasema: mimi sithibitiki katika mfumo huu. Ikithibitika, mfumo umethibitisha uongo. Ikiwa mfumo hauthibitishi uongo, basi kauli haithibitiki, na hivyo ndivyo inavyosema. Kwa hiyo ni kweli. Kila mfumo ulio salama, wenye nguvu ya kutosha kwa hesabu za kawaida na wenye kanuni zinazoweza kuorodheshwa, utaacha nje kauli ya kweli. Wapo wanaolichukua jambo hili na kusema basi kila mtu ana ukweli wake. Gödel hakusema hivyo hata kidogo. Hoja yake yote inategemea kwamba ukweli upo hata pale ambapo uthibitisho wetu haufiki.

Kutoka hapo tunafika kwenye simu zenu. Hilbert alikuwa ameuliza pia kama kuna utaratibu mmoja wa kufuata hatua kwa hatua ambao utaamua kila swali la mantiki. Ili kujibu kwamba haupo, ni lazima kwanza useme kwa usahihi utaratibu wa hatua kwa hatua ni kitu gani, na mwaka 1936 Alan Turing, akiwa na miaka 24, alifanya hivyo kwa kueleza mashine ya kufikirika inayosoma na kuandika alama moja moja kwenye utepe, na mashine moja miongoni mwa hizo inayoweza kuiga nyingine zote. Alonzo Church wa Marekani alifikia jibu lilelile mwaka huohuo kwa njia nyingine. Mashine inayoiga nyingine zote, mkiipa umeme na kioo, ndiyo mnayoichaji kila usiku. Mwaka 1950 Turing aliuliza kama mashine inaweza kufikiri. Mwaka 1980 John Searle akajibu kwa mfano wa mtu aliyefungiwa chumbani, asiyejua Kichina, anayejibu barua za Kichina kwa kufuata kitabu cha kanuni tu. Walio nje wanadhani anaelewa. Searle alitaka kutenganisha kufuata kanuni na kuelewa, na leo, akili mnemba inapowaandikia insha, kila mwalimu aliye hapa ana mtu wa Searle darasani mwake.

Juu ya hesabu nitasema kwa ufupi. Chukueni ramani ya mikoa yetu, muipake rangi ili mikoa inayopakana isiwe na rangi moja. Mnahitaji rangi ngapi? Mwaka 1852 Francis Guthrie, ambaye baadaye alikuja kufundisha hisabati Afrika Kusini, alikuwa akipaka ramani ya Uingereza na akahisi kwamba nne zinatosha kwa ramani yoyote. Mwaka 1879 Alfred Kempe akatoa uthibitisho, ukakubaliwa kwa miaka 11 mpaka Percy Heawood alipoonesha kosa lake mwaka 1890. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken wakamaliza kazi, lakini kwa kompyuta iliyochambua hali zaidi ya elfu moja kwa zaidi ya saa 1,000, na hakuna binadamu aliyeweza kuipitia kazi yote hiyo kwa macho yake. Mwaka 1979 mwanafalsafa Thomas Tymoczko akauliza: je, tumeuona uthibitisho, au tumeambiwa kwamba upo? Mambo haya mawili yalikuwa pamoja tangu enzi za Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kwa sababu aliyeambiwa angeweza kukaa chini na kuusoma. Mwaka 2005 Georges Gonthier alitangaza uthibitisho uliokaguliwa hatua zote na programu nyingine. Wengi wameridhika. Nami nimeridhika kwamba rangi nne zinatosha, lakini naona Tymoczko aliuliza jambo ambalo halijapatiwa jibu: sasa tunaiamini mashine, na kuamini ni jambo la kuchunguzwa peke yake.

Kuamini unachoambiwa ndiko kunakotufikisha kwenye vyombo vya habari. Hapa naomba subira yenu, wazazi hasa.

Mchukueni mama mmoja wa Mwanga, hapahapa mjini. Mama huyu ana kisukari. Asubuhi moja anapokea katika simu yake ujumbe kwamba majani fulani yakichemshwa yanatibu kisukari na kwamba dawa za hospitali ziachwe. Ujumbe unatoka kwenye kundi la ukoo. Kabla ya adhuhuri umeletwa tena na kundi la kwaya, na kundi la wenzake aliosoma nao, na kundi la kuchangiana misiba, na jirani. Mama anasema: watu wote hawa hawawezi kukosea. Ninyi mnasemaje? Ana hoja au hana?

Ana hoja, na msimdharau. Wingi wa mashahidi ni sababu ya haki ya kuamini. Mahakama inautumia, historia inautumia. Alichochanganya ni wingi wa sauti na wingi wa mashahidi. Mwanafalsafa Alvin Goldman aliliandika hili mwaka 2001: ikiwa watu mia wanarudia alichosema mmoja bila uwezo wa kukipima wao wenyewe, wale 99 hawaongezi chochote. Tunapaswa kuuliza kila mmoja amelijua jambo kwa njia gani, na kama angelikanusha endapo lingekuwa uongo.

Na masheikh wetu wa Ujiji walio hapa wanajua kwamba jambo hili halikuanza mwaka 2001. Katika elimu ya hadithi, yaani habari zilizopokewa kutoka kwa Mtume Muhammad, habari huitwa mutawatir pale tu ambapo katika kila tabaka la wapokezi wamo watu wengi kiasi kwamba haiwezekani wawe wamekubaliana kusema uongo. Ikiwa katika tabaka moja tu mpokezi ni mmoja, hata kama baada yake wameipokea elfu, haihesabiwi mutawatir. Atachunguzwa yule mmoja, kumbukumbu yake na uadilifu wake. Nawaomba vijana mlielewe hilo vizuri: wanazuoni wale walikuwa wakitenganisha sauti na mashahidi karne nyingi kabla ya simu, na nidhamu yao ya kuuliza imepitia kwa nani inamfaa Mwislamu na Mkristo anapofungua kundi lake asubuhi.

Liko jingine, zito zaidi. Tunapomwona ndugu yetu ameshikilia jambo la uongo tunasema amekosa habari, basi tunamtumia habari. Tunamtumia makala, video, maelezo ya daktari. Hazisaidii, naye anazidi kushikilia. Kwa nini? Mwaka 2020 mwanafalsafa C. Thi Nguyen wa Marekani alichapisha makala inayotenganisha hali mbili ambazo waandishi wa magazeti walikuwa wakizitaja kana kwamba ni moja. Ya kwanza ni kiputo: mtu amezungukwa na wanaofanana naye, na sauti nyingine hazimfikii. Ya pili ni chumba cha mwangwi: sauti nyingine zinamfikia, lakini amekwisha kufundishwa kwamba wanaozitoa ni waongo, wamenunuliwa au wana chuki. Ukiwatazama kwa nje watu hawa wawili wanafanana. Wote wanaamini jambo moja na kurudia maneno yaleyale. Mpe kila mmoja ushahidi mpya uone. Aliye ndani ya kiputo atashtuka na kufikiri upya. Aliye ndani ya chumba cha mwangwi ataona ushahidi wako kuwa ndio uthibitisho wa alichoambiwa, kwa sababu kiongozi wake alimtahadharisha mapema kwamba watakuja watu kusema hivyohivyo.

Kwa hiyo tiba zinatofautiana, na ndiyo sababu utenganisho huu una thamani. Nguyen anakumbusha habari ya kijana wa Marekani aliyelelewa katika nyumba iliyohubiri ubora wa Wazungu, akawa na kipindi cha redio cha kueneza itikadi hiyo kabla hajafika chuo kikuu. Kule chuoni siri ilipofichuka wengi walimtenga. Mwanafunzi mwenzake Myahudi, mtu wa jamii ambayo kijana yule alifundishwa kuichukia, alimkaribisha kwenye chakula cha jioni cha Ijumaa, na akaendelea kumkaribisha. Mabishano hayakuwa ndiyo yaliyotangulia. Kilichotangulia ni kijana kumwamini mtu ambaye aliambiwa asimwamini, na baada ya hapo ndipo ushahidi ulipopata nafasi. Mwaka 2013 aliandika barua ya hadharani kuikana itikadi ile.

Narudi kwa mama wa Mwanga. Kabla ya kumtumia video ya daktari, muulizeni mara ya mwisho alipokwenda hospitali alipokelewaje. Ikiwa alifokewa, akaambiwa hajui kitu, akarudishwa bila maelezo, basi aliyemfokea ndiye aliyemjengea chumba, na majani yalikuja baadaye tu. Mpwa wake mmoja, anayemsindikiza kliniki na kuketi naye mpaka jina lake liitwe, atafanya kazi ambayo video mia haziwezi.

Nimalizie na fumbo ambalo walimu wenu wamekubali tulijadili kwa muda uliobaki. Mwaka 1998 Andy Clark na David Chalmers walisimulia habari ya watu wawili wa kubuni. Inga anasikia kuna maonesho katika jumba la makumbusho la New York, anakumbuka liko mtaa wa 53, anakwenda. Otto ana ugonjwa wa kusahau, kwa hiyo huandika kila kitu katika daftari asiloachana nalo. Anasikia habari ileile, anafungua daftari, anaona mtaa wa 53, anakwenda. Clark na Chalmers wanasema daftari linamfanyia Otto kazi ileile ambayo kumbukumbu inamfanyia Inga, kwa hiyo ni sehemu ya akili yake: liko naye daima, hulifungua bila taabu, na huamini mara moja kilichoandikwa ndani. Wanataka tutenganishe akili na ubongo.

Ikiwa wamesema kweli, msimamizi anayekunyang'anya daftari mlangoni mwa chumba cha mtihani amekunyang'anya sehemu ya akili yako. Ikiwa wamekosea, tuonesheni tofauti kati ya Otto na Inga, na msiseme tu kwamba daftari liko nje ya fuvu, kwa sababu hilo ndilo linalobishaniwa. Kisha mtuambie juu ya simu: masharti mawili ya kwanza inayatimiza, lakini lile la tatu, la kuamini mara moja kilichomo ndani, je, mtalikubali baada ya yote tuliyosema juu ya makundi? Tuna saa nzima. Nitaanza kwa kuwasikiliza walioketi safu za nyuma.